Kabla hujang'oa injini ya Land Rover ya guka

Kuna maneno ambayo karibu kila kijana aliyerithi Land Rover kuukuu, kutoka Embu hadi Maua, ameshayasikia. Gari limekaa nyuma ya ghala miaka mingi, kuku wanatagia kwenye viti vya nyuma, na sahani ya namba ni ile ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Guka ameshindwa kuliendesha au ametangulia mbele ya haki, na familia imekubaliana kwamba wewe ndiwe unayependa vyuma, basi chukua. Unaita fundi. Fundi anafungua boneti, anatazama sekunde kumi, hata spana hajashika, halafu anasema: "Hii injini toa. Weka ya Isuzu, utanishukuru."

Pengine ana haki. Lakini sekunde kumi ni chache sana kwa uamuzi utakaokula robo milioni.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usisome ukidhani nazunguka. Wengi wenu mnaouliza swali hili hamhitaji injini nyingine. Mnahitaji tangi la mafuta lililooshwa, kabureta iliyofunguliwa na kusafishwa, na fundi mwenye subira. Wachache wenu mnaihitaji kweli, na hao sina ugomvi nao, isipokuwa kwa jambo moja: mnanunua nguvu kabla ya kununua breki. Nitalirudia hilo huko chini kwa sababu linaua.

Lakini tuanze Maua, maana huwezi kuzungumzia Land Rover katika nchi hii ukaruka Maua. Ukishuka pale siku ya soko utaona Series II na Series III, gari za miaka ya sitini na sabini, zikipakia watu, magunia na miraa kama vile mwaka ni ule ule zilipotoka kiwandani. Nyingi zilianza maisha zikiwa na namba za GK, gari za serikali, zikauzwa kwa mnada zilipochoka. Wakulima wa Igembe na Tigania walizinunua kwa sababu moja tu. Mvua ikinyesha Nyambene, ule udongo mwekundu unageuka sabuni, na kuna mashamba ambayo gari la kawaida halifiki hata ukiliombea. Miraa nayo haikungojei. Ikikatwa, una kama siku mbili hivi kabla haijapoteza makali yake, kwa hivyo lazima itoke shambani leo, ifungwe leo, ipande Hilux ya Nairobi leo.

Sasa chungulia chini ya boneti za gari hizo. Injini iliyotoka Uingereza hutaipata kila mahali. Utakuta ya Isuzu, utakuta ya Toyota, utakuta ya Nissan, na wakati mwingine utakuta kitu ambacho hata mwenyewe hana uhakika ni cha gari gani. Mtu wa Maua hakubadilisha injini ili apige picha. Alibadilisha kwa sababu petroli ilikuwa inamla, au kwa sababu spea za dizeli ya Isuzu zinapatikana hata kwenye duka dogo lenye rafu tatu. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipoifungia anga mwaka wa 2020, yule mwenye Land Rover alikuwa akihesabu kila lita. Kwa hivyo msee, ukisikia mtu wa Nairobi anasema mafundi wa Maua "wameharibu" gari za kihistoria, mwambie kwa heshima kwamba bila hao mafundi, zingekuwa zimeshauzwa kama vyuma chakavu.

Wapo pia walio upande wa pili, wale wa "asili au basi". Wana mashindano yao. Kule Nairobi, Concours d'Elegance imekuwepo tangu 1970, na majaji wa pale hukagua gari hadi uvunguni. Kwao, namba ya injini ikitofautiana na ya kiwandani, umeshachezea kitu. Ng'ambo imekuwa biashara kubwa. Mwaka wa 2016, Defender ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull Januari, kampuni yenyewe ilianza mwaka huo huo kuuza Series I ilizozirudisha katika hali ya kwanza, boliti kwa boliti.

Nawaelewa, lakini neno hilo "asili" huwa linanichekesha kidogo tukilitumia hapa kwetu. Asili ya nani? Baadhi ya Land Rover zetu ziliunganishwa Thika, katika kile kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa miaka ya sabini, ambacho sasa kinaitwa KVM. Mikono iliyofunga zile boliti ilikuwa ya Wakenya. Na ukimwuliza mzee wa Embu au Meru aliyekuwa kijana wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, Land Rover anayoikumbuka si ya simba Elsa akiota jua juu ya paa katika mbuga ya Meru. Anakumbuka ile ya DO, iliyoingia kijijini alfajiri na askari nyuma. Gari lile lile ndilo baadaye likaja kumpeleka mkewe kujifungua, likabeba kahawa hadi kiwandani, likabeba jeneza. Kila aliyelipata alilibadilisha kidogo ili limfae. Kwa hivyo sikubali kwamba kubadilisha injini ni dhambi. Ninachokataa ni kuibadilisha bila kujua unaondoa nini.

Unaondoa nini basi?

Kama gari lako ni Series II, IIA au III ya petroli, kuna uwezekano mkubwa kwamba injini ni ile ya lita 2.25, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ilitengenezwa kwa wingi kuanzia 1958 na ilidumu hadi Series III ilipofika mwisho wake 1985. Haina haraka. Nguvu yake ni farasi sabini na kitu, na ikipanda mlima inapumua kama mzee aliyebeba gunia. Lakini chuma chake ni kinene, ukandamizaji wake ni mdogo, kwa hivyo haichagui petroli, na vali zake zinaendeshwa na mnyororo. Hakuna ukanda wa kukatika. Hakuna kompyuta. Hakuna sensa. Betri ikifa, gari nyingi za aina hii zina tundu mbele ambalo unaingiza hendeli, unazungusha kwa mkono, na linawaka. Jaribu kufanya hivyo na Probox.

Injini ya namna hii haifi ghafla. Inachosikia fundi wako anaposema "imekufa" mara nyingi ni orodha ya magonjwa madogo. Petroli iliyokaa kwenye tangi miaka mitano inageuka gundi na kuziba kabureta. Pointi za umeme zimeshika kutu. Kondensa, kile kikopo kidogo cha bei ya soda kadhaa, kimechoka, na gari linawaka asubuhi halafu linakataa likipata moto. Vali hazijarekebishwa tangu guka aache kuliendesha. Mambo haya yote kwa pamoja hulifanya gari likohoe, litoe moshi mweusi na kukosa nguvu, na anayetaka kukuuzia injini ana kila sababu ya kukwambia kwamba hiyo ni kansa.

Kwa hivyo, kabla ya kitu kingine chochote, dai vipimo. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa moto, plagi zote zikiwa nje, na akuandikie namba nne kwenye karatasi. Namba nne zikikaribiana na ziko sawa, injini yako iko hai, anayeumwa ni kabureta au umeme. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini, shuku gasketi ya hedi. Zote zikiwa chini na moshi ni wa bluu, basi ringi na silinda zimelika. Hata hapo hujafika mwisho wa safari: silinda hupanuliwa kidogo kwa mashine na kuwekwa pistoni za saizi ya juu yake, krenki huchongwa, beringi mpya huingizwa. Warsha za kazi hiyo zipo Nairobi, na ukizunguka Kirinyaga Road utapata mtu anayejua mahali pa kupata vipuri. Si kazi ya siku moja. Inahitaji injini kutolewa na kupelekwa. Ila ikirudi, inaweza kukuzidi wewe umri kwa mara ya pili.

Fundi asiyetaka kupima, badilisha huyo kwanza.

Sasa tuseme vipimo vimetoka na ni vibaya, au injini ni nzima lakini petroli ndiyo inayokutoa jasho. Hapo inakuja hesabu, na vijana wengi hawaifanyi. Tuifanye pamoja. Injini hiyo ya 2.25 hutembea takriban kilomita sita kwa lita moja, ukiwa na bahati saba. Dizeli ndogo ya kisasa zaidi katika gari hilo hilo inaweza kukupa kama kumi. Tuseme unatembea kilomita 60 kwa siku. Petroli inataka lita 10, dizeli lita 6. Umeokoa lita 4. Tuseme pia, kwa mfano tu, lita ni Sh180 kwa aina zote mbili, na kwamba injini ya mtumba, kuifunga, rejeta na kazi ya fundi vinakufikisha Sh250,000. Weka bei uliyopewa wewe mahali pa hiyo yangu. Kila siku unaokoa Sh720. Pesa zako zinarudi baada ya siku 347 za kazi.

Kwa mwenye gari la kazi pale Laare au Mutuati, anayetoka siku sita kwa wiki, hiyo ni mwaka mmoja na mwezi. Baada ya hapo anakula faida. Na petroli ikipanda kama ilivyopanda Oktoba 2023, ilipofika Sh217.36 jijini Nairobi, anarudisha haraka zaidi. Huyo simwambii kitu. Abadilishe.

Lakini wewe unayekaa Dallas pale Embu mjini, una kazi ya ofisi, na Land Rover unaitoa Jumapili kwenda Kianjokoma kumsalimia cucu na kupiga picha ukiwa na Mlima Kenya nyuma? Siku 347 kwako ni Jumapili 347. Karibu miaka saba. Kwa miaka saba unalipia "kuokoa mafuta", na pesa hizo zingetosha kuifungua injini asilia, kuiunda upya, na kubaki na za rangi. Hesabu imekataa, bana. Kama unataka injini kubwa kwa sababu ya mlio wake kwenye TikTok, sema hivyo waziwazi, ni pesa zako. Usitusingizie uchumi.

Kwa yule ambaye hesabu imemkubalia, swali linalofuata ni injini gani, na hapa ndipo watu huharibu. Kosa kubwa ninaloliona ni tamaa. Mtu anasikia jirani ameweka 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, naye anataka. Fikiria ile injini ya 2.25 inasokota kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 165. 1HZ inafika karibu 285. Giaboksi ya Series haikuundwa kwa mzigo huo. Shafti za ndani ya eksili ya nyuma zilikuwa maarufu kwa kukatika hata na injini ya kiwandani, mtu akiachilia klachi kwa hasira kwenye mlima. Ukiongeza nguvu bila kugusa giaboksi na eksili, umehamisha tu mahali pa kuharibikia, kutoka chini ya boneti hadi katikati ya matope ya Mikinduri saa mbili usiku. Na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu. Ili zitoshee, rejeta inasukumwa mbele au ukuta ulio mbele ya miguu yako unakatwa kwa grainda. Ukuta ukishakatwa, hakuna wa kukurudishia.

Dizeli ndogo zisizo na tabo, kama 4JA1 ya Isuzu ya lita 2.5, iliyokuwa kwenye pikapu ambazo kila fundi wa mkoa huu ameshazifungua, zinakaa karibu zaidi na nguvu ambayo gari lilizaliwa nayo. Hiyo ndiyo busara. Ukibahatika kupata 200Tdi, iliyotoka kwenye Discovery na Defender za kuanzia 1989 na 1990, hiyo ni ndugu wa damu: imetokana na ukoo ule ule wa 2.25 na hushikana na giaboksi ya Series kwa marekebisho madogo. Lakini ina tabo, nguvu yake ya kusokota inapita 250, kwa hivyo mguu wako lazima uwe na adabu. Pia inatumia ukanda badala ya mnyororo, na ukanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni. Usiponunua mpya siku unayofunga injini, usianze.

Injini ya mtumba iliyotoka kwenye lori dogo la Japani ikague umeme wake pia. Baadhi zina staata na alteneta za volti 24, na gari lako ni la 12. Watu hugundua hilo baada ya kulipa.

Sasa breki, nilizoahidi.

Series nyingi, hasa zile za zamani, zina breki za ngoma magurudumu yote manne, mfumo mmoja wa mafuta ya breki, na hazina buusta. Paipu moja ikipasuka, umepoteza zote. Zilitosha kwa gari lililoteremka mlima kwa kilomita 50 kwa saa, huku injini yenyewe ikisaidia kulizuia. Wewe umeweka injini inayolifikisha 90 bila kuomba ruhusa, umepakia, na unatoka Meru kuelekea Embu. Unapita Nkubu, unapita Chogoria, na barabara inaanza kukunja na kushuka. Mbele yako kuna daraja la Nithi.

Sihitaji kukueleza Nithi ni nini. Julai 24, 2022 basi lililokuwa likienda Mombasa lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa, na hiyo haikuwa ajali ya kwanza wala ya mwisho katika mteremko huo. Lile lilikuwa basi, gari lenye breki kubwa kuliko zako mara nyingi. Ngoma za Land Rover zikipata joto kwenye mteremko mrefu zinaacha kushika. Unakanyaga, pedali iko ngumu, na gari linaendelea.

Kwa hivyo mpangilio wa matumizi ya pesa unageuka. Kwanza breki, halafu injini. Kama yako ni ile fupi yenye ngoma za inchi 10, ngoma za mbele za inchi 11 za ile ndefu hufungwa juu yake na tofauti utaihisi siku hiyo hiyo. Badilisha paipu zote, zile za raba na zile za chuma. Weka silinda kuu yenye mifumo miwili na buusta. Hapa kuna mtego ambao mafundi wengine huusahau: buusta hufanya kazi kwa kufyonza hewa, na injini ya petroli hufyonza yenyewe, lakini ya dizeli haifanyi hivyo. Inahitaji pampu ya kufyonza. Dizeli nyingi za Isuzu huwa nayo mgongoni mwa alteneta. Ukitupa alteneta ile ukaweka nyingine ya bei rahisi, umetupa breki zako.

Na kama bajeti haitoshi breki na injini pamoja, basi haitoshi injini. Fanya breki, endelea na 2.25 yako polepole, weka akiba. Hakuna aliyekufa kwa sababu alichelewa kufika Chuka.

Tuje kwenye makaratasi, kwa ufupi, maana najua hamyapendi. Logibuku ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, NTSA lazima ijue, gari likaguliwe, na rekodi ibadilishwe. Ukihama kutoka petroli kwenda dizeli, hilo nalo ni badiliko. Kwa hivyo usinunue injini kwa mtu asiyekupa risiti na karatasi za forodha za hiyo injini, hata kama bei ni tamu kiasi gani. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu anayelitafuta. Polisi wakikusimamisha wakafungua boneti, wewe ndiwe utakayeeleza. Na siku ya ajali, kampuni ya bima itasoma ile namba kabla ya kusoma barua yako.

Kuna wanaoniambia mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwamba tuweke betri na mota ya umeme tumalize. Si ndoto. Kampuni ya Opibus, iliyoanza Nairobi 2017 na sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kubadilisha gari za safari zitumie umeme, kabla ya kugeukia pikipiki na mabasi. Kwa gari linalozunguka ndani ya hifadhi na kulala kambini kwenye soketi, naona mantiki. Kwa gari linalopakia miraa Mutuati na kurudi na mbolea, bei ya zile betri bado ni ndoto ya mtu mwingine. Tuzungumze tena baada ya miaka mitano.

Jambo la mwisho ni la fundi siku ya kazi yenyewe. Mkatae akitaka kukata chesisi. Maunti za injini mpya zinaweza kuundwa pembeni na kufungwa kwa boliti kwenye mashimo yaliyopo, na kazi hiyo inachukua siku moja zaidi kuliko kuchomelea. Ilipe hiyo siku. Sheria zetu haziruhusu kuingiza mtumba wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo Series zilizopo ndizo zilizopo, na yako inaweza siku moja kutakiwa na mtoto wako, au na mnunuzi atakayelipa zaidi kwa sababu kila kitu kinaweza kurudishwa.

Ile injini ya zamani usimwachie fundi kama sehemu ya malipo. Atakuomba, atasema ni mzigo tu. Ibebe. Mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, rudisha plagi, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi, iweke juu ya mbao ndani ya ghala mahali pasipovuja, na kila unapokwenda kumsalimia cucu, ingiza hendeli uizungushe mara mbili tatu isije ikakwama. Namba yake iko kwenye bloku, kwenye sehemu bapa karibu na hedi. Isugue kwa brashi ya waya, ipige picha, uiweke pamoja na nakala ya logibuku ya zamani.